Msimu wa Sanaa Chuoni: Mwongozo Kamili kwa Waratibu wa Nyanda za Juu Kusini

Tuanze na neno lenyewe. Msimu si tamasha. Tamasha ni siku mbili za jukwaa kubwa, maturubai, mgeni rasmi na hotuba, kisha kila mtu anarudi kwake na nyasi za uwanja zinabaki zimelala. Msimu ni maonyesho madogo kumi, pengine kumi na mawili, yanayoanza wanafunzi wakishafungua chuo na kukoma kabla mitihani ya Julai haijawakaba. Yanafanyika siku ile ile, saa ile ile, mahali pale pale.

Nimeratibu maonyesho ya namna hii katika chuo kimoja hapa Iringa kwa miaka kadhaa. Ukiyasahau yote nitakayosema, bakiza hilo la "ile ile". Mama wa Kihesa, mtaa wa hapa Iringa, anayefunga genge lake jioni hana muda wa kusoma mabango yenu. Lakini akishazoea kwamba Alhamisi moja kila wiki mbili, saa 11 jioni, pale chuoni kuna kitu, atakuja hata kama hajui ni kitu gani.

Hatua ya 1: Tandika kalenda tatu juu ya meza moja

Nunua karatasi ya manila na uchore miezi 12 kuanzia Julai, siyo Januari. Sababu ya kuanzia Julai utaiona tukifika kwenye fedha. Kisha chukua kalamu za rangi tatu.

Rangi ya kwanza ni ya chuo. Andika siku ya kufungua, wiki za kupokea mwaka wa kwanza, wiki za majaribio, na mitihani ya mwisho wa muhula, ambayo kwa vyuo vyetu vingi huangukia Februari au Machi na tena Julai. Wiki mbili kabla ya mitihani ziache tupu. Usijidanganye kwamba wanafunzi watakuja "kupumzisha akili". Hawaji. Andika pia, kwa kukisia, bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, linatoka lini. Onyesho la kiingilio likiwekwa wiki moja kabla ya bumu linaangaliwa na viti.

Rangi ya pili ni ya mvua na jembe, na hapa ndipo wageni kutoka Dar es Salaam hukosea. Huku hatuna vuli na masika. Mvua yetu ni ya mkupuo mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, mwaka mwingine hadi Mei. Mvua inapoanza, vikundi vya ngoma vya vijijini vinashika jembe. Nenda ukamwite mpiga ngoma wa Kilolo mwezi Desemba uone atakavyokutazama. Mahindi yakishakauka na kuvunwa, kuanzia Juni na Julai, vijiji vinachangamka: harusi, sherehe, ngoma hadi Oktoba. Huo ndio wakati hasa ambao wanafunzi wako wamefunga chuo na mabweni yana popo tu.

Kalenda ya chuo na kalenda ya kijiji, kwa hiyo, zimepeana migongo. Zinagusana mahali pawili tu: wiki chache za mwanzo, kabla mvua haijakolea, na Mei hadi Juni. Wiki hizo ndizo za ngoma za asili, na nakuomba usizichezee kwa mashindano ya kuigiza video za Bongo Fleva. Hayo yanaweza kufanyika wakati wowote.

Januari hadi Machi ni zamu ya kwaya, ushairi, ngonjera na masimulizi. Kwaya huku hazitafutwi kwa tochi. Kila usharika wa Kilutheri, kila parokia, na ukifika Mbeya na Rungwe kila ushirika wa Kimoravian, pana watu wanaoimba sauti nne bila kinanda. Ila zikikaribia Kwaresma na Pasaka wana mazoezi yao ya kanisani, hivyo wawahi. Mwezi wa Ramadhani nao huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Utafute kwenye kalenda ya mwaka husika, usikariri ya mwaka jana.

Rangi ya tatu ni ya tarehe zenye uzito. Kwa Iringa ninayoipenda ni 19 Juni. Siku hiyo mwaka 1954 gavana Edward Twining alilirudisha Kalenga fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na aliyelipokea ni Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Lipo hadi leo kwenye makumbusho ya Kalenga, kilomita kama 15 kutoka mjini. Tarehe ya vita vya Lugalo, 17 Agosti 1891, na ya kifo cha Mkwawa, 19 Julai 1898, zote zinaangukia wanafunzi wakiwa likizo au kwenye mitihani. Juni 19 inakukuta chuo kikiwa kimejaa na vijiji vinaanza kuvuna. Ukitaka kuligusa jambo hilo jukwaani, nenda kwanza Kalenga ukazungumze na wazee wa ukoo. Usiandike tamthilia ya mtu wakati wajukuu zake wanakaa umbali wa nauli ya daladala na hujawasalimia.

Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, inavutia ukiiona kwenye karatasi. Lakini iangalie sawasawa: mitihani. Ukiitaka, isherehekee wiki tatu kabla na useme wazi kwamba umeiwahi.

Hatua ya 2: Chagua siku moja na uoe nayo

Mimi nilichagua Alhamisi kwa kuondoa nyingine moja moja. Ijumaa kuna swala ya mchana, na jua likizama Wasabato wameanza Sabato yao. Jumamosi ni harusi. Jumapili ni kanisani, kisha kufua. Jumanne na Jumatano usiku kuna mpira wa Ulaya, na vijana wa kiume hutawaona hata ukiwalipa. Jumatatu hakuna mtu mwenye nguvu ya chochote. Hata Alhamisi, angalia ratiba ya ligi kabla ya kuchapa matangazo. Simba na Yanga wakicheza siku hiyo, ahirisha wewe, wao hawataahirisha.

Saa: 11 jioni kuanza, saa 1 usiku kumaliza. Iringa na Mbeya zote zimepanda zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mwezi Juni jua likishazama baridi haibishi hodi. Mtu aliyekuja na shati la mikono mifupi anaanza kutazama mlango saa 12 na nusu. Tena wa Ipogolo hapa Iringa ana mlima wa kushuka, wa Uyole kule Mbeya ana barabara kuu ya kwenda nayo, na daladala zinapungua kadiri usiku unavyoingia. Bajaji ya peke yako inaweza kuzidi kiingilio mara mbili. Onyesho zuri linaloisha saa 3 usiku linawafundisha watu wasirudi tena.

Anza kwa wakati. Alhamisi yetu ya kwanza kabisa tulikuwa na watu 11, wanne wakiwa ndugu za waimbaji. Mwenzangu alinisihi tusubiri nusu saa. Nikakataa, tukaanza saa 11 kamili, na waliochelewa walikuta nusu ya nyimbo imeshapita. Wiki mbili baadaye hao hao walikuwa wamekaa saa 11 kasoro kumi.

Hatua ya 3: Fedha, na ile sababu ya kuanzia Julai

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Msimu unaoanza Novemba unakula bajeti inayojadiliwa idarani miezi mingi kabla ya hapo, mara nyingi wakati msimu wa sasa bado unaendelea. Ukisubiri Septemba ndipo uandike dokezo, utajibiwa kwa upole kwamba wazo ni zuri ila kifungu hakina fedha. Kwa hiyo peleka rasimu ya msimu ujao mapema, hata kama majina ya vikundi hayajakamilika. Kwenye rasimu andika aina: "ngoma, kikundi kimoja kutoka nje ya mkoa, watu 15". Kifungu kikishapita, majina utayajaza.

Kwenye hesabu zangu usafiri hula zaidi kuliko malipo ya sanaa yenyewe, jambo linaloniuma kila mwaka, lakini ndivyo umbali wetu ulivyo. Kikundi cha watu 15 kutoka Kyela au Makete kinahitaji Coaster, chakula mara tatu, mahali pa kulala na posho. Weka fungu dogo la dharura na usiliite dharura, maana mkaguzi atalikata. Liite "mafuta ya jenereta na matengenezo ya vyombo".

Ukichukua masurufu, yaani fedha unayokabidhiwa mapema kwa matumizi ya kazi, kumbuka kwamba utayarejesha kwa stakabadhi, na mzee anayepiga ngoma hana mashine ya risiti. Andaa mapema fomu yenye jina, kijiji, kiasi, namba ya simu na nafasi ya sahihi au dole gumba. Muulize mhasibu kuhusu kodi ya zuio kabla hujamtajia mtu kiasi, ili usije ukaahidi elfu hamsini na kumkabidhi pungufu mbele ya wenzake. Kama chuo ni cha umma na unataka kutoza kiingilio, fedha inapita kwa kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali. Kujifunza kuitoa kwenye simu huku foleni imesimama mlangoni ni mateso. Siku hizi onyesho la ngoma naliacha bure, na kiingilio nakiweka kwenye maonyesho mawili tu kwa msimu, tena tiketi zinauzwa wiki nzima kabla.

Hatua ya 4: Vibali

Hapa nitapita haraka, kwa sababu kazi ni kupiga hodi tu. Ndani ya chuo, anza na ofisi ya mshauri wa wanafunzi na walinzi. Nje, rafiki yako mkubwa ni Afisa Utamaduni wa halmashauri, ambaye atakuambia onyesho lipi linahitaji kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1984, na lipi halihitaji. Tamthilia ina njia yake, maana kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Ukipiga muziki wa watu wengine hadharani, au ukiigiza maandishi ya mwandishi mwingine, unaingia kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, hivyo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, waulizwe. Tamthilia ya mwanafunzi wako pia ina mwenyewe: ni yeye. Mpe karatasi asaini kuruhusu onyesho, na usiiigize mwaka unaofuata bila kumwambia.

Hatua ya 5: Kuwapata wasanii

Usitafute vikundi kwa simu. Vitafute kwa macho, na mahali pa kuviona viko viwili kila mwaka. Pa kwanza ni Nane Nane, kwenye viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, ambako halmashauri za kanda huleta vikundi vyao. Utazunguka siku mbili, utakula mahindi ya kuchoma mengi, na utarudi na majina mengi kuliko unavyoyahitaji. Pa pili ni mapokezi ya Mwenge wa Uhuru: kila wilaya inatoa ngoma zake bora barabarani, nawe unasimama tu pembeni na daftari.

Tazama pia aina ya onyesho na nafasi inayotaka. Ing'oma ya Wanyakyusa inataka uwanja, siyo jukwaa la mbao. Lizombe ya Wangoni nayo haitoshi kwenye ukumbi wa viti vilivyofungwa sakafuni. Mganda wa pwani ya Ziwa Nyasa una mistari na hatua za kijeshi, kwa hiyo watazamaji wakae upande mmoja waione mistari. Lakini ligombo la Wahehe, chombo cha nyuzi cha mtu mmoja anayepiga na kuimba, ukilipeleka uwanjani umelizika. Liweke kwenye darasa lenye watu 40, mlango umefungwa, simu zimezimwa.

Ukishaamua, funga safari uende. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwa kiongozi wa kikundi. Shikamoo kwanza, "kamwene" kama uko Uheheni au Ubenani, habari za mazao, habari za watoto, na shida yako baadaye kabisa. Mara ya kwanza nilifika na mkataba wa kurasa mbili. Kiongozi wa kikundi, mama mtu mzima, aliupokea kwa mikono miwili, akauweka chini ya kikombe cha chai na kuniuliza, "Mwanangu, na mtatulaza wapi?" Hilo halikuwemo kwenye kurasa zangu mbili. Sasa mkataba wangu una ukurasa mmoja, na mstari wa kwanza ni malazi.

Jambo la ulanzi, pombe ya mianzi, litajitokeza, hasa msimu wake. Chuo hakiruhusu pombe, na wazee wengine hawaoni ngoma ikichezwa kavu. Sema ukweli huko huko kijijini, siyo getini. Chai ya moto yenye maziwa, viazi na togwa vimenitosha hadi leo, ingawa sitaapa kwamba chupa zote zilizoshuka kwenye Coaster zilikuwa na maji.

Hatua ya 6: Ukumbi, bati na umeme

Nenda ukumbini siku mvua inanyesha, simama nyuma kabisa, na mwombe mtu asome gazeti jukwaani. Kama ukumbi una bati bila dari, hutasikia neno. Hii ndiyo sababu ya kutokuweka tamthilia kati ya Januari na Machi: mwigizaji analia kwa uchungu na watazamaji wanasikia bati. Ngoma na kwaya kubwa zinaweza kushindana na mvua. Ushairi hauwezi, upeleke kwenye darasa lenye dari.

Ukumbi wa kuta tupu unarudisha mwangwi hadi maneno yanagongana. Tuliazima mablanketi ya hosteli, tukayatundika ukuta wa nyuma, mwangwi ukapungua. Yanasaidia pia wazee wakishikwa na baridi.

Fundi mitambo aje saa 8 mchana, siyo saa 10. Ngoma usiziwekee maiki ndani ya ukumbi; maiki mbili zinatosha, moja ya mwimbishaji na moja ya mshereheshaji. Mafundi wengi wamezoea harusi na watataka kufungua spika zote. Kaa karibu na meza ya mitambo. Jenereta liwekwe nyuma ya jengo, upande ambao upepo unaondoka, na liwashwe mara moja kabla watu hawajafika ili ujue kama linawaka. Niliwahi kukodi moja kutoka mjini iliyokuja bila mafuta na bila kamba ya kuvutia. Kwaya iliimba gizani dakika 20, kwa tochi za simu, na bado kuna watu wananiambia ile ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote.

Hatua ya 7: Siku ya ngoma yenyewe

Hapa nataka twende taratibu, maana ndipo waratibu wengi wanapoharibu bila kujua.

Ngozi ya ngoma inajua hali ya hewa. Ikikaa kwenye gari usiku, ikakutana na ukungu wa asubuhi, inalegea. Mwaka wangu wa kwanza kikundi kiliwasha moto mdogo nyuma ya ukumbi. Mlinzi akaona moshi, akaja mbio na ndoo ya maji na kuuzima, akitaja kanuni za usalama. Alikuwa na haki, mimi ndiye sikumwambia. Mzee mmoja aliichukua ngoma yake kubwa, akaigonga kwa kidole cha kati, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Ngoma inasikia baridi kama mtu," aliniambia. Wakaanza hivyo hivyo. Ilikuwa kama kupiga godoro. Wachezaji walitafuta mdundo kwa miguu wasiupate, na wanafunzi wakadhani ndivyo ngoma ile ilivyo.

Sasa tunafanya hivi. Siku tatu kabla naandika barua kwa walinzi: moto mmoja, mahali fulani, saa 9 alasiri hadi saa 11, na ndoo mbili za mchanga pembeni. Tunaleta gunia la magunzi ya mahindi, kwa sababu yanashika haraka na kuacha makaa mazuri bila ndimi ndefu. Ngoma haiwekwi juu ya mwali. Inaelekezwa uso kwenye makaa, mbali kidogo, na mwenyewe anaizungusha polepole huku akiigonga kila baada ya muda. Sauti inapanda yenyewe, kutoka "bu" hadi "ti". Usimharakishe. Kama onyesho ni refu, moto ubaki ukiwaka chini kwa chini ili ngoma zibadilishane. Siku hizi wanafunzi wameanza kufika mapema kukaa pale motoni, na nusu ya maswali mazuri huulizwa hapo, siyo ukumbini.

Mshereheshaji awe mmoja, na afupishe. Aseme kikundi kinatoka wapi, ngoma hii huchezwa wakati gani, kisha ashuke. Mgeni rasmi, kama ni lazima awepo, azungumze katikati, siyo mwanzoni. Hotuba ya mwanzoni ndiyo huwazoesha watu kuchelewa. Viti vya mbele viwe vya wazee na watoto. Na kikundi kilishwe kabla ya kucheza, siyo baada, japo kidogo.

Matangazo nimeyaacha hadi hapa kwa makusudi, kwani yakishakuwa na siku moja na saa moja, kazi ni ndogo. Karatasi moja ya msimu mzima ibandikwe kantini, Miyomboni katikati ya mji, stendi na kwenye saluni. Ma-CR, wawakilishi wa madarasa, wapeleke ujumbe kwenye magrupu ya WhatsApp Jumatano jioni. Redio za mjini zinapokea matangazo ya jamii ukienda na mmoja wa wasanii aimbe kidogo studioni. Basi.

Hatua ya 8: Asubuhi ya Ijumaa

Walipe kabla hawajapanda gari, kila mtu mkononi au kwenye simu yake, siyo kwa kiongozi peke yake. Hesabu ngoma, njuga na mavazi wakati wa kupakia, njuga hupotea. Rejesha mablanketi hosteli yakiwa yamekunjwa. Masurufu yarejeshwe wiki hiyo hiyo, stakabadhi zikiwa bado hazijafifia.

Halafu kuna jambo moja ambalo halimo kwenye bajeti ya mtu. Video uliyopiga, ikate ibaki ya dakika 20 au 30, iweke kwenye memori kadi, na uirudishe kijijini kwa mkono wa mtu. Kikundi cha Makete nilikipelekea ya kwao mwezi wa nane. Tuliitazama nje, kwenye simu moja iliyoegemezwa kwenye sufuria, watu kama 30 wamebanana. Wale wazee hawakutazama miguu yao. Walitazama wanafunzi waliokaa nyuma, wakahesabu wangapi walikuwa wanapiga makofi sawasawa, kisha wakaniuliza Alhamisi ipi wamewekewa mwakani.